Kiharusi na Siku ya Mtu wa Mjini



Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walihesabu watu waliopatwa na kiharusi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Tofauti za umri zikishasawazishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na 316.

Jibu la haraka ni kwamba watu wa mjini wana presha zaidi. Lakini uchunguzi wa awali katika sehemu hizo hizo mbili, uliochapishwa mwaka 2000, uliikuta presha imekaribiana: takriban watu wazima watatu kati ya kumi, mjini na kijijini. Katika wenye presha hao, waliojua kwamba wanayo hawakufika mmoja kati ya watano, na wale ambao dawa ziliishusha ipasavyo hawakufika asilimia moja. Presha ndiyo kisababishi kikuu cha kiharusi. Hata hivyo, lazima tuulize maisha ya mjini yanaiongezea nini.

Mchukueni dereva wa daladala. Saa kumi alfajiri yuko barabarani, na hadi saa tatu usiku hajatoka kwenye usukani. Mchana anakula wali maharage kwa mama lishe, mchicha ukiwa kijiko kimoja pembeni mwa sahani. Jioni ni chipsi mayai, na chumvi anainyunyiza kabla hajaonja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ikiwemo ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria, uliotoka mwaka 2018, uliyahusisha mambo haya na mengine na kiharusi: chumvi ya mezani, uhaba wa mboga za majani, kutoushughulisha mwili, msongo wa mawazo, sigara, kitambi, pamoja na kisukari na lehemu.

Dereva huyu ameshaambiwa ana presha. Kichwa kikimuuma anameza dawa, kikitulia anaacha. Kliniki inafunguliwa asubuhi siku za kazi, saa zile zile anazotafuta hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari. Akienda kupanga foleni, jioni atakuwa na deni. Sisi tunamwita mkaidi. Mimi nasema ratiba yetu ya kliniki ilipangwa bila kumfikiria.

Kuna jambo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba ni Dar es Salaam, si Hai, ambako kiharusi kilihusishwa zaidi na majini na uchawi, na wengi walianzia kwa mganga. Tusicheke. Presha haiumi wala haionekani. Mtu aliyelala mzima akaamka mdomo umepinda na mkono umelegea, ndugu zake watatafuta mkono wa nani? Lakini dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT cha kichwa. Safari ya mganga huzimaliza saa hizo. Ugonjwa uliopimwa na kutajwa jina mapema haumwachii jini nafasi kubwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Presha ipimwe stendi, sokoni, msikitini na kanisani. Kliniki zifunguliwe pia jioni. Na mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, kama tulivyokwisha kufanya kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ushauri wa kupunguza chumvi na kutembea tutaendelea kuutoa, lakini tusimdai mtu nidhamu ambayo siku yake haimpi nafasi ya kuitimiza.