Gogo Lililo Katikati

Kila kanisa lenye spika linaujua ule mlio. Msomaji asogeza kipaza sauti karibu mno na spika, na mara filimbi kali yatoboa masikio. Watoto wacheka, mzee wa kanisa akimbilia swichi. Sauti imetoka kwenye spika, imeingia tena kwenye kipaza sauti, ikatoka kubwa zaidi, nayo yazunguka hivyo bila kukoma.

Magita ya umeme yalipata taabu hiyo hiyo. Gita lililo wazi ndani lina uso mwembamba, nao hutikisika kama ngozi ya ngoma spika inapovuma. Mwaka 1951 Leo Fender, kule California, alitoa gita la besi la ubao mtupu. Halikupiga kelele ovyo, lakini pia halikuwa na pumzi ya chombo kilicho wazi.

Kampuni ya Gibson ya mji wa Kalamazoo, Marekani, chini ya Ted McCarty, ilishika njia ya kati. Mwaka 1958 ikatoa gita la ES-335, na mwaka huo huo ndugu yake wa besi, EB-2. Kwa nje utadhani lote ni wazi: kifua cha upana wa inchi 16, na matundu mawili kama ya fidla. Lakini katikati, toka shingoni hadi mkiani, limepita gogo la mti mgumu uitwao mepo. Mbavu za kando zimeachwa tupu. Gogo lauzuia uso usitikisike ovyo, na mbavu zaipa sauti joto. Nani angeliona gogo hilo akiwa amekaa kitini?

Tusilisifu kupita kiasi. Nyuzi zake ni fupi, inchi 30 na nusu, hali za Fender ni 34. Vidole vyafurahi, lakini uzi mnene walegea kidogo. Tena sumaku yenye waya inayopokea mtikisiko wa nyuzi ilikuwa moja tu, karibu na shingo, kwa hiyo sauti ikawa nzito, kama ya mtu anayenena ndani ya blanketi. Mwaka 1959 wakaongeza swichi ya kubonyeza ya kupunguza uzito huo.

Wako vijana wanaolikuta gita hili la kale na kutaka kulikata uso, watie sumaku ya pili. Sisi twasema, ngoja kwanza, bonyeza swichi hiyo usikie. Mbao iliyokatwa hairudi.

Na kabla ya kutoa fedha, mulika tochi kwenye tundu. Ukiona ukuta wa mbao upande wa ndani, gogo lipo. Ukiona nafasi tupu mpaka ng'ambo, hilo ni gita jingine lenye umbo la kufanana, na ukilisogeza karibu na spika litakuambia lenyewe.