Sarafu ya Jemadari na Mzigo wa Mpagazi

Maelezo baada ya habari kwa wasikilizaji wa Jeshi na Polisi



Mwaka 2014 kiwanda cha serikali ya Uingereza cha kutengeneza sarafu kilitoa sarafu ya pauni mbili kukumbuka miaka 100 tangu kuanza kwa Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Malkia. Upande wa pili ulikuwa na sura ya Lord Kitchener, masharubu mapana na kidole amekinyosha mbele, kama alivyochorwa katika tangazo mashuhuri la kuwaita vijana wajiandikishe jeshini. Jina hilo si geni katika pande zetu. Kitchener ndiye aliyeongoza majeshi ya Waingereza na Wamisri katika vita vya Omdurman, nchini Sudani, tarehe 2 Septemba 1898, ambako maelfu ya wapiganaji wa Khalifa waliuawa katika asubuhi moja.

Huko Uingereza kwenyewe sarafu hiyo ilizusha manung'uniko. Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi ombi wakitaka sura ya Edith Cavell iwekwe katika sarafu. Bibi huyo alikuwa muuguzi. Alisaidia kuwaficha na kuwatorosha askari wapatao 200 kutoka Ubelgiji, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Wajerumani walimkamata na kumpiga risasi mjini Brussels tarehe 12 Oktoba 1915. Serikali ya Uingereza ilikisikia kilio hicho, na mwaka 2015 ikatolewa sarafu ya pauni tano kwa heshima yake.

Hapana shaka kwamba muuguzi huyo alistahili. Lakini kisa hiki kinatupa fundisho. Sarafu ni kitu kidogo, na nafasi yake hutosha sura moja tu. Kwa kawaida sura hiyo huwa ya mkubwa. Bibi Cavell aliipata kwa sababu alikuwa na watu zaidi ya 100,000 wa kumsemea. Je, yule asiye na msemaji atakumbukwa na nani?

Ndugu wasikilizaji, vita hivyo hivyo vilipiganwa pia katika ardhi ya Afrika Mashariki, tangu mwaka 1914 hadi Novemba 1918. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari. Kwa hiyo risasi, unga, dawa na mahema yote yalibebwa kichwani na begani. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko, na wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps.

Wapagazi hao hawakuwa na bunduki, na wengi wa waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mapafu na njaa. Wanahistoria hukadiria kuwa waliokufa ni karibu 100,000. Twasema hukadiria, kwa sababu wengi hawakuandikwa popote, wala makaburi yao hayakuwekewa alama.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917, na msingi wake ulikuwa kwamba wote waliokufa wapewe heshima sawa. Huko Ulaya msingi huo ulifuatwa. Lakini katika makoloni, maofisa waliamua kwamba Mwafrika hataelewa maana ya jiwe la kaburi, na makaburi ya wapagazi yakaachwa yamezwe na pori. Mnamo Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa ikikiri makosa yake. Ilisema kwamba marehemu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni.

Wapo watakaosema kuwa sasa ni kuchelewa mno. Sivyo. Mwezi wa Januari 2025, mjini Cape Town, yalifunguliwa makumbusho ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hivyo wakifanya kazi zisizo za kushika silaha. Kila mmoja amewekewa nguzo yake ya mti, yenye jina lake na tarehe ya kufa kwake. Hayo yaliwezekana baada ya miaka zaidi ya 100 kwa sababu moja tu: karani fulani aliyaandika majina yale, na karatasi zikahifadhiwa. Pale ambapo hapana karatasi, hata serikali yenye nia njema haina la kufanya.

Katika nchi yetu, miongoni mwa nishani za Taifa imo nishani ya Nalubaale, ambayo hupewa raia waliochangia harakati za ukombozi. Hilo ni jambo la busara. Ni kukubali kwamba jeshi halishindi kwa bunduki peke yake. Yuko aliyepika, yuko aliyeonyesha njia usiku, yuko aliyemficha majeruhi chini ya uvungu wa kitanda chake. Lakini nishani nayo humfikia yule tu ambaye jina lake limeandikwa.

Kwa hiyo, Afande unayeongoza kikosi, daftari lako ni sehemu ya heshima ya askari wako. Mwandike dereva, mpishi na muuguzi. Mwandike raia aliyewaongoza porini. Nawe askari wa jeshi, nawe konstebo wa polisi, hakikisha leo kwamba jina lako limeandikwa sawasawa katika jalada lako, pamoja na majina ya mkeo, watoto wako na kijiji chako. Mjane anayefika ofisini hana karatasi mkononi huambiwa arudi kesho, na kesho yake tena, hali mumewe ametoa kila alichokuwa nacho.

Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Hatuwanyimi majemadari sarafu zao. Sarafu hupita mkono kwa mkono, na mtoto akiitazama huuliza huyu ni nani. Hilo ni jambo jema. Lakini Taifa lenye shukrani huanza na orodha ya majina, kuanzia la mwenye nyota begani hadi la aliyebeba mzigo begani. Orodha hiyo ikikamilika, sarafu itajua imchore nani.