Nani Analipa Kodi ya Chumba? Kuhusu Kufadhili Maarifa Yaliyosukumwa Pembeni

Mada iliyotolewa kwenye semina ya wafadhili na vikundi vya jamii, Parklands, Nairobi



Kutoka hapa hadi City Park ni mwendo wa miguu. Nilipopewa mada hii sikuanza kwa kuandika, nilikwenda huko kwanza. Upande wa makaburi amelala Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mwanasiasa, aliyepigwa risasi langoni pa nyumba yake tarehe 24 Februari 1965, akiwa na miaka 37. Jirani yake kuna bustani ya ukumbusho ya Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Murumbi alitaka alazwe karibu na rafiki yake.

Siku hiyo tumbili walikuwa wengi, na kijana mmoja alikuwa akiuza njugu za kuwalisha. Nikanunua za shilingi ishirini, nikamuuliza kama anajua waliozikwa pale. Murumbi alimjua, maana jina limeandikwa na yeye hupita hapo kila siku. Pinto hakumjua. Kwa kijana yule, anayejulikana ni yule ambaye mtu fulani alitoa pesa jina lake liandikwe mahali linaposomeka. Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema leo, ila nitayapeleka mbali kidogo, kwa sababu kuandikisha jina ni rahisi. Kinachotushinda ni kile kinachofuata.

Mniruhusu nikae kwa Murumbi. Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba Mgoa mfanyabiashara, mama Mmaasai. Akawa waziri wa mambo ya nje, kisha makamu wa pili wa rais, na mwaka huohuo wa 1966 akajiuzulu. Maisha yake yote alikuwa mkusanyaji: vinyago, nguo, vito, stempu, barua, na maelfu kwa maelfu ya vitabu, takriban 8,000 kati yake vilivyochapishwa kabla ya 1900. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwepo, tena wenye fedha nyingi. Yeye akaiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko huo, mwishoni mwa miaka ya 1970, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa makubaliano kwamba nyumba ile igeuzwe taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikuja. Nyumba ikabomolewa.

Mkusanyiko wenyewe, kwa bahati njema, uko katika jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, lililokuwa Bank of India. Ukumbi wa maonyesho wenye jina lake ulifunguliwa pale mwaka 2006, miaka 16 baada ya kufa kwake. Nusu ya Nairobi hukutana nje ya jengo hilo. "Nipate Archives," tunaambiana, tunasimama mlangoni dakika arobaini tukimngoja mtu, na hatuingii ndani. Sisemi hivyo kwa dharau, mimi mwenyewe nilisimama hapo miaka kumi kabla ya kuvuka kizingiti.

Nawaomba mwone jinsi pesa ilivyofanya kazi hapo. Ya kununua ilipatikana. Ya kuifanya nyumba iendelee kuwa nyumba ya vitabu, yenye mtu wa kufungua madirisha asubuhi na kufukuza mchwa, haikupatikana. Na Murumbi alikuwa mtu mkubwa, mwenye marafiki wakubwa. Je, mpishi wa barabara ya Third Parklands?

Namtaja mpishi kwa sababu. Historia ya mtaa huu imeandikwa kwa majina ya wenye nyumba. Waliolala kwenye vyumba vya uani, wapishi, mayaya, madobi, watunza bustani, hawamo. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu cha watu saba kilirithi kanda za kaseti kutoka kwa mwalimu mmoja mstaafu. Zilikuwa 53, ndani ya debe la biskuti na kikapu cha ukindu. Alikuwa amewarekodi wazee hao mmoja mmoja, siku za Jumapili, kwa redio yake ya nyumbani. Humo mna njia za kuhifadhi nyama kabla ya friji, dawa za mtoto mwenye kifaduro, jina la kila mti wa mtaa huu kwa lugha tatu, na namna ya kupita usiku bila kukamatwa na askari wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni.

Tukaomba ruzuku, tukaipata. Bajeti iliporudi kutoka kwa mfadhili, mistari mitatu ilikuwa imekatwa: kodi ya chumba, chai na nauli za wazee, na malipo ya mnukuzi. Iliyosalia ilikuwa kompyuta mbili, tovuti, na uzinduzi. Basi tukazindua. Kulikuwa na fulana, kulikuwa na bango la mita tatu, na mgeni rasmi aliyefika saa saba kwa shughuli ya saa nne. Miezi kumi na minne baadaye tovuti ilizimika kwa sababu ada ya mwaka ya seva haikuwa na wa kuilipa. Kanda zikarudi kwenye debe.

Wanaotoa pesa hawajui mnukuzi anafanya nini, nami siwalaumu sana, kwa hiyo acha nieleze. Saa moja ya kaseti, ya mzee asiye na meno anayechanganya Kikamba, Kiswahili cha jikoni na Kigujarati alichokiokota kwa mama mwenye nyumba, inakula siku mbili nzima za mtu anayeijua kazi. Unasikiliza, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Halafu unapanda matatu unamfuata mzee mwenyewe, au bintiye: hapa alisema "choro" au alisema "chora"? Mzee anasikia sauti yake ya miaka thelathini iliyopita, anacheka mpaka anakohoa, anataka irudiwe. Anakumbuka jambo ambalo kwenye kanda halimo. Hapo ndipo maarifa yanapotoka, kwenye ile ziara ya pili, na hiyo ndiyo nauli iliyokatwa.

Hata yakinukuliwa, kuna ukuta mwingine. Kamusi elezo za mtandaoni, ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003 ikiwemo, zinadai chanzo kilichochapishwa. Mwaka 2011 Wikimedia Foundation ilifadhili jaribio nchini India na Afrika Kusini, kwa jina lenye maana ya Watu ni Maarifa, ambapo mahojiano yaliyorekodiwa yalitumiwa kama chanzo cha makala. Lilizua ubishi mkali miongoni mwa wahariri, na ubishi huo haujaisha. Kwa kanuni hizo, mpishi wetu si chanzo. Profesa aliyemhoji mpishi na kuandika kurasa mbili ni chanzo.

Nipite haraka kwa waliofanya vizuri zaidi yetu. Oktoba 2009, Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani. Erica Hagen na Mikel Maron wakaanza Map Kibera na vijana wa vijiji vya humo: wakatembea na vifaa vya GPS, wakaweka vyoo, mabomba ya maji, zahanati na shule kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuinakili mradi ataje chanzo na atakachoboresha akiache wazi vilevile. Wakazi wakauliza swali la haki kabisa: itatufaa nini? Wengi hawakuwa na bando la kuifungua. Jibu likawa kuchapisha ramani za karatasi, za afya, za usalama, za maji, na kukaa nazo chini pamoja na wenyewe wakizikosoa. Kisha ikaundwa amana ya wenyeji iendeshe kazi wageni wakishaondoka. Kwangu mimi, mambo hayo mawili, karatasi na amana, yana uzito kuliko vifaa vya GPS.

Katikati ya jiji tuna maktaba ya Ukombozi, iliyofunguliwa mwaka 2017 na Vita Books pamoja na wenzake, ikiwa na maandishi ya mapambano ambayo zamani ukikutwa nayo ulikuwa na kesi. Vita Books ndio waliotoa kitabu kuhusu Pinto mwaka 2018. Mwaka huohuo wa 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, wakaanza kuzifufua maktaba za McMillan, Kaloleni na Makadara. McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo na ufagio tu.

Sasa neno "bure", ambalo limerudiwa sana tangu asubuhi. Mimi ni mtu wa kugawa bure. Lakini nimejifunza kuuliza: bure kwa nani, na nani kakubali? Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Wakenya walipiga kelele, ombi likaondolewa. Kikoi kilikuwa cha kila mtu pwani nzima, na kwa sababu hiyo hakikuwa na mlinzi.

Tena si lazima tufike Uingereza. Bondeni, chini ya maghorofa ya Parklands, kuna mtaa wa mabanda wa Deep Sea. Tingatinga zilishawahi kuingia pale kupisha barabara, na watu wengi wakakosa pa kulala. Siku kama hiyo, orodha ya nani anakaa wapi, tangu lini, ana watoto wangapi, ni mali. Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa 1996, umefundisha wakazi wa mitaa ya mabanda kujihesabu wenyewe, mlango kwa mlango, kwa sababu hiyo: anayejihesabu ana la kusema mezani. Lakini orodha hiyohiyo ikiwekwa wazi mtandaoni inamfaa pia mwenye tingatinga. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi ya 2016 inataka jamii iombwe idhini mapema, na imezipa kaunti kazi ya kuweka rejista. Kwenye fomu za ruzuku nilizowahi kuzipitia nikiwa kwenye kamati za uchujaji, idhini ni kisanduku cha kutia tiki, kimoja, ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba kikao kiyajadili. Theluthi ya kila ruzuku iwekwe kando kwa utunzaji wa miaka mitano: kodi, seva, mlinzi wa funguo, na huyo mnukuzi alipwe kama fundi, maana ni fundi. Maombi yapokelewe kwa Kiswahili, na kwa sauti iliyorekodiwa kwa asiyeandika. Mama anayejua mizizi yote ya msitu wa Karura hashindwi kueleza mradi wake, anashindwa na fomu ya kurasa 22 ya Kiingereza. Idhini iulizwe mara mbili, mwanzoni na tena kabla ya kuchapisha, na jibu la "hapana" lisimnyime mtu ruzuku. Kila kitakachowekwa mtandaoni kiwe na nakala ya karatasi au sauti inayokaa mtaani kwake. Na uzinduzi, kama lazima uwepo, ufanywe mwaka wa tatu, tukishaona kama kuna cha kuzindua.

Najua hoja ya theluthi itapingwa. Mfadhili mmoja aliniambia kwamba kodi ya chumba haipigiki picha. Ni kweli.

Mwenyekiti, lile debe la biskuti nimekuja nalo, liko chini ya meza hii. Tumebakiza kanda 31 hazijanukuliwa. Baada ya chai nitawawekea dakika sita za kanda ya 17, mpishi akieleza alivyokuwa akijua, kwa harufu ya bizari peke yake, nyumba ipi ya barabara hii ina mgeni. Wanawe wameridhia isikike ndani ya ukumbi huu. Hawajaridhia irekodiwe, kwa hiyo nitaomba simu zote ziwekwe mezani, zikiwa zimezimwa.