Aliyebaki na Ng'ombe

Dominika ya 22 ya Mwaka C. Injili: Luka 14:1, 7-14



Injili ya Dominika ya leo inatukuta tungali na vumbi la safari miguuni. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya sherehe. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, mvua zimekatika, na barabara za vijijini zinapitika. Ndipo watoto wetu wanapopewa Kipaimara, vijana wanapofunga ndoa, watawa wanapoweka nadhiri, na wazee wanapotimiza jubilei. Mabasi ya barabara kuu iendayo Zambia hujaa watu waliovaa sare za vitenge, hawa wakitoka Mbeya kwenda Iringa, na wale wakitoka Iringa kwenda Mbeya.

Hayo yote ni mema. Bwana wetu mwenyewe hakuzikimbia karamu. Alikwenda arusini Kana, aliketi mezani kwa Lawi mtoza ushuru, na leo tunamwona, siku ya Sabato, nyumbani kwa mkuu mmoja wa Mafarisayo. Lakini Yesu aingiapo karamuni huangalia. Huangalia ni nani aliyekimbilia viti vya mbele, na zaidi ya hapo huangalia ni nani ambaye hakualikwa kabisa. Leo na tuangalie pamoja naye.

Mwaka huu sisi, padre na katekista, tulishiriki furaha za familia moja ya wafugaji katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Ni watu wa sala, na jumuiya yao ndogo ndogo inawategemea. Mwezi wa Juni mabinti wao wawili walipokea Kipaimara. Julai mtoto wao wa kwanza wa kiume alifunga ndoa Iringa mjini. Nane Nane iliwakuta Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Wiki iliyofuata walikuwa Mafinga, katika baridi ile tunayoijua, kwa jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya babu na bibi. Baba wa familia aliandika kila kitu katika daftari la michango: ng'ombe wawili waliuzwa mnadani kwa ajili ya arusi, mmoja alichinjwa siku ya jubilei, na ndama mmoja akatolewa zawadi.

Mwishoni mwa Agosti walituomba twende kuadhimisha Misa ya shukrani nyumbani kwao, kwa kuwa safari zote zilikwenda salama. Tulipofika, mikeka imekwisha kutandikwa na nyama iko jikoni. Tukauliza, kama tulivyozoea, "Je, watu wote wa nyumba hii wapo?"

Mama akajibu kwa furaha, "Wote wapo, Padre. Amebaki yule wa ng'ombe tu."

Katekista akauliza tena kwa upole, "Huyo wa ng'ombe ni nani, mama? Mbona katika orodha ya familia hii simwoni?"

Pakawa kimya. Ni mtoto wa ndugu yao wa mbali, mwenye umri wa miaka 13. Aliletwa hapo akiwa na miaka 9, ili asaidiwe. Hakuwa amebatizwa. Shule aliiacha siku alipokabidhiwa fimbo. Hakufika kwenye Kipaimara, wala Iringa, wala Mbeya, wala Mafinga.

Ndugu wapendwa, sisi tunaokaa huku tunajua maana ya kiangazi Usangu. Miezi ile ile inayotufungulia barabara sisi wa sherehe ndiyo miezi inayomfungia mchungaji malisho. Majani yanakauka, vijito vinabaki mchanga, na Mto Ruaha Mkuu wenyewe, tangu miaka ya 1990, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi chini ya ardhi oevu ya Ihefu. Basi kadiri sherehe zetu zinavyozidi, ndivyo mtoto huyo anavyozidi kwenda mbali kutafuta maji. Ng'ombe wa arusi alimchunga yeye. Ng'ombe wa jubilei alimnywesha yeye. Katika daftari la michango ng'ombe wote walikuwamo. Jina lake peke yake halikuwamo.

Wala lawama hiyo haikuwa ya familia peke yake. Sisi tuliipita ile boma mara nyingi. Tulimpungia mkono kwa mbali, tukaendelea na safari ya kwenda kubariki karamu.

Tukawakumbusha habari za mzee Yese wa Bethlehemu. Samweli alipofika kumpaka mafuta mfalme, Yese alileta wana saba mbele yake. Wa nane hakumkumbuka, kwa sababu alikuwa machungani. Nabii akakataa kuketi mezani mpaka mtoto yule aletwe. Na huyo ndiye aliyekuwa Daudi.

Baba wa familia alisimama, akavua koti lake jipya la arusi. Akasema, "Padre, tusianze. Nakwenda kumleta mwenyewe." Akatoka na mwanawe, yule bwana arusi wa Julai. Tulingoja saa mbili na zaidi. Nyama ilipoa, na hakuna aliyelalamika. Jua lilipokuwa linashuka, baba akarudi, akiwa amemshika mtoto mkono. Mtoto alitusalimu, "Shikamooni," akataka kukaa chini karibu na mlango. Bibi akamwambia, "Njoo huku mbele, mjukuu wangu," akamkalisha ubavuni pake. Naye akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, na ng'ombe wako na nani?" Kumbe fimbo alikuwa ameipokea bwana arusi.

Jioni ile tuliielewa Injili ya leo kuliko siku zote tulizoihubiri. Yesu anamwagiza mwenye karamu awaalike maskini, viwete na vipofu, watu wasio na kitu cha kumrudishia. Mara nyingi tunadhani watu hao wako mbali, mpaka tuwatafute njiani. Kumbe wengine wanalala chini ya paa letu, na wanakula kilichobaki katika sufuria zetu.

Basi tuchukue mambo mawili kwenda nayo nyumbani.

Kwanza, wazazi na walezi. Amri ya Mungu kuhusu Sabato inawataja waziwazi watumishi, na hata wanyama, kwamba nao wapumzike. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inawadai wanaomlea chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mtoto aliyeletwa kwako ili asaidiwe, basi asaidiwe kweli. Kabla hujapanga kamati ya sherehe ijayo, panga kwanza zamu ya mifugo, na wana wako waingie katika zamu hiyo.

Pili, ninyi makatekista, wenzetu katika shamba la Bwana. Mafundisho ya Jumamosi asubuhi hayamfikii aliyetoka na ng'ombe alfajiri. Mfuateni jioni, mifugo ikiisha kuingia bomani. Ulizeni katika kila jumuiya: nani hayupo, na kwa nini hayupo?

Pengine mtapenda kujua mwisho wa habari hii. Mtoto yule ameandikwa kati ya wakatekumeni. Habari ya shule bado inazungumzwa. Baba ameahidi, nasi tumeahidi kumkumbusha. Hatuwezi kusema kwamba miaka minne imerudi. Imepotea, na kwa ajili yake tunaomba msamaha.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliye mgeni na tena mwenyeji wa karamu zetu, utufumbue macho tumwone aliyebaki nje. Utupe moyo wa kutoka kwenda kumleta, hata kama chakula kitapoa. Na siku ya ufufuo wa wenye haki utukaribishe sote mezani pako, asikosekane hata mmoja. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.