Majibu Tunayompa Mtu Achague

Wapendwa viongozi na wanachama wa vikundi, hamjambo. Mmejibu "hatujambo," na bado tunajua kati yenu yuko aliyekesha na mtoto mwenye homa, na mwingine ng'ombe wake ameacha kula. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu huulizwa habari za nyumbani, akajibu "nzuri," halafu ndipo akaongeza, "lakini tumefiwa." Neno la kwanza ni la adabu. Habari yenyewe huja baada ya "lakini."

Leo tunataka kuzungumza juu ya zile fomu za maswali mnazojaza mradi unapofika katikati au unapokwisha, na hasa juu ya majibu yanayoandikwa chini ya swali ili mtu achague moja. Fomu nyingi huishia kwenye "nzuri." Hazifiki kwenye "lakini."

Tuchukue mfano wa kioski cha maji. Kikundi kimejenga tangi, kimevuta bomba, kinauza maji kwa mtungi wa lita 20. Mwaka umepita, na kamati inataka kujua kama watu wameridhika, ili iamue kama itaongeza mfereji wa pili. Swali linaandikwa: "Huduma ya kioski ikoje?" Majibu ni manne: nzuri kabisa, nzuri sana, nzuri, mbaya.

Hebu tazameni. Nafasi tatu za sifa, moja ya lawama. Yuko mama anayekuta kioski hakijafunguliwa mpaka saa nne, watoto wamekwisha kwenda shule, naye hurudi mtoni na mtungi wake mgongoni. Huyu ataweka alama wapi? "Mbaya" ni neno zito, tena mwenyekiti ni shemeji yake. Ataweka kwenye "nzuri." Kamati itahesabu alama, itafurahi, itachukua akiba ya wanachama na kuweka mfereji wa pili, nao utafungwa saa zile zile. Pesa ya wanachama imekwenda kwa sababu ya maneno manne kwenye karatasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mizani. Mkiweka ngazi mbili za kusifu, wekeni na mbili za kulaumu, zenye uzito sawa. Desturi hii si ngeni. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, Rensis Likert, alichapisha njia ya kupima maoni ya watu kwa ngazi tano: naunga mkono sana, naunga mkono, sijaamua, napinga, napinga sana. Mbili huku, mbili kule, moja katikati. Hata leo fomu nyingi za wafadhili zinafuata mpango huo, mara nyingine bila wenyewe kujua ulikotoka.

Hiyo ngazi ya katikati ina kelele yake. Wengine wanasema iondolewe, watu wasijifiche humo. Sisi tunaona ibaki, kwa sababu yuko mtu ambaye kweli anaona mambo ni ya wastani, na si haki kumsukuma upande. Lakini msichanganye "wastani" na "sijui." Mzee ambaye hajawahi kuteka maji kioskini hawezi kusema huduma ni ya wastani. Yeye hajui, basi. Mwekeeni "sijatumia" pembeni, na msimhesabu pamoja na wale wa katikati.

Jambo la pili ni maneno yenyewe, na hapa tukae kidogo, maana Kiswahili chetu kina mitego. Chukua "nimeridhika kidogo." Mmoja anasikia kwamba ameridhika, ingawa si sana. Mwingine anasikia kwamba hakuridhika, ila anasema kwa upole. "Afadhali" nayo ni shida: maji ya sasa ni afadhali kuliko ya jana, na bado ni machafu. Kabla ya kupiga chapa fomu, andikeni kila jibu kwenye kipande cha karatasi, mwape watu watano au sita, kila mmoja peke yake, wavipange kutoka kibaya mpaka kizuri. Wakitofautiana mahali pa neno, neno hilo litupwe. Kama fomu itaulizwa kwa Kikamba au Kiluo, fanyeni zoezi hilo kwa lugha hiyo. Msitafsiri mkiwa mlangoni pa mtu.

Tena kuna maswali ya "unakubali au hukubali." Ukimwambia mgeni wako, "Kioski kimetusaidia, unakubali?" atakubali. Ungemwambia kinyume chake pengine angekubali pia, kwa heshima. Ulizeni kitu chenyewe: "Katika siku 7 zilizopita, ulikuta kioski kimefungwa siku ngapi?" Majibu: hakuna, siku 1, siku 2 au 3, siku 4 au zaidi. Kwa maoni yetu swali hili lina faida kuliko ngazi zote za kuridhika, kwa sababu mtu halaumu yeyote, anahesabu tu. Na "mara nyingi" ya anayeteka kila siku si "mara nyingi" ya anayeteka Jumamosi peke yake. (Angalieni pia namba zisigongane. Tumeona fomu zenye "1 hadi 3" halafu "3 hadi 5." Sasa mwenye 3 aende wapi?)

Anayesomewa fomu kwa sauti ana shida nyingine. Majibu matano yakisomwa mfululizo, wengi hushika lile la mwisho. Basi ulizeni kwa hatua mbili. Kwanza: "Umeridhika au hujaridhika?" Akijibu: "Sana, au kiasi?" Umepata ngazi nne bila kumchosha bibi. Akisema mwenyewe kwamba yuko katikati, andika katikati.

Na nani anauliza? Wenye umri hapa mnakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, mtu anapanga foleni nyuma ya mgombea huku wakubwa wanamtazama. Fomu ikijazwa mbele ya mweka hazina ni mlolongo mwingine. Tumieni makopo matano yenye alama, moja kwa kila ngazi, yawekwe nyuma ya pazia, kila mtu aingie na punje moja ya mahindi. Asiyejua kusoma naye amepiga kura yake ya siri, ilimradi aelezwe alama kabla ya kuingia.

Siku ya kuhesabu, msikimbilie wastani. Tuseme nyumba 40 zimejibu, 20 zikasema nzuri sana, alama 5, na 20 zikasema mbaya sana, alama 1. Wastani ni 3, yaani katikati, na hakuna hata nyumba moja iliyosema katikati. Pengine wa karibu na tangi wanapata maji na wa mlimani hawapati. Kwa hiyo andikeni ubaoni idadi ya kila ngazi, na mtenganishe wanaume na wanawake, wa juu na wa bonde.

Sasa tugawanyike kwa vikundi vyetu. Kila kikundi kichukue swali moja kutoka fomu yake ya mwaka jana, kihesabu nafasi za sifa na za lawama, kisha kiliandike upya. Baada ya chai kila swali litajaribiwa na watu wa kikundi kingine, na katibu aandike kila neno ambalo mtu ameuliza maana yake.