Nyama Njema kwa Bei Tunayoimudu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wanachama huko Kizwite, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumepewa heshima ya kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine watalistaajabia katika siku kama hii. Siku za sherehe tumezoea kusikia habari za mahindi, mbolea na maghala, na habari hizo ni njema wala hatuna nia ya kuzipunguza. Lakini sisi tumeagizwa kusema juu ya chungu cha nyumbani, yaani namna mwanachama awezavyo kupata nyama safi kwa bei asiyoiogopa.

Twaanza na neno zito. Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wetu wa Rukwa, karibu nusu ya watoto wasiotimiza miaka 5 wamedumaa. Kwa nchi nzima ni kama watoto 30 katika kila 100. Nasi ndio tunaojaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hapa Sumbawanga! Mkoa unaolisha wengine una watoto wafupi kuliko umri wao. Hatusemi kwamba nyama peke yake ndiyo dawa. Maji machafu, maradhi ya kuhara na uchovu wa mama mjamzito vimo pia katika jambo hili. Lakini mtoto anayepewa uji wa mahindi asubuhi na ugali wa mahindi jioni, tena kwa mboga ya majani tu, amenyimwa kitu ambacho mwili wake hauwezi kukijenga bila ya maharage, maziwa, mayai, samaki au nyama. Kipande cha ini kilichopondwa vizuri, cha ukubwa wa kidole gumba, chamfaa mtoto huyo kuliko sahani ya pili ya ugali.

Sasa, nyama yenyewe iko wapi? Iko hapa hapa Ufipa. Kila kijiji kina maksai wa kulimia, bonde la Rukwa lina makundi makubwa ya ng'ombe, na mbuzi na nguruwe hawakosekani. Shida yetu ni safari anayokwenda mnyama huyo. Mwanachama mwenye haja ya ada ya shule mwezi wa Januari humpeleka ng'ombe mnadani, na huko bei hukatwa kwa jicho. Dalali humtazama mnyama, kisha humtazama mwenye mnyama, na aghalabu ni uso wa mwenye mnyama unaomwambia bei. Ng'ombe yule hupita mikono miwili au mitatu ndipo afike machinjioni, na kila mkono hutaka chakula chake. Mwisho wake jirani wa yule aliyeuza hununua fungu la nyama dukani kwa bei inayomfanya anunue mara moja kwa mwezi. Muuzaji amepata kidogo, na mlaji amelipa kingi, nao wote wawili ni wanachama wa chama kimoja cha msingi.

Hapa ndipo ushirika una kazi. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, hawakuanza kwa kuuza nje. Walianza kwa unga, siagi, sukari na shayiri, vitu vya jikoni, vyenye kipimo cha haki na visivyochanganywa na uchafu. Baada ya muda si mrefu wakaongeza na nyama. Sisi huku tulianza upande mwingine, upande wa kuuza mazao, na tukakaa huko tu.

Njia tunayoipendekeza mnaijua. Kila Krismasi na kila Idi watu huchangia ng'ombe mmoja wakagawana. Tunachoomba ni kuitoa desturi hiyo katika sikukuu na kuifanya kazi ya mwaka mzima, yenye daftari na katibu.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kila chama kiweke humo bei za kwake. Ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa nyama na mifupa inayokaribia nusu ya uzito wake akiwa hai. Basi ng'ombe wa kilo 240 atatoa kilo 120 hivi. Tuseme amenunuliwa kwa shilingi 900,000, na gharama za kumswaga, kumchinja na kumkagua zikawa shilingi 60,000. Jumla ni 960,000. Kichwa, makongoro, matumbo na ngozi vikiuzwa vikaleta shilingi 120,000, gharama iliyobaki ni 840,000, yaani shilingi 7,000 kwa kilo. Nyumba 40 zikigawana, kila nyumba hupata kilo 3 kwa shilingi 21,000. Mwenye kuweka akiba ya shilingi 1,750 kila wiki atakuwa ametimiza sehemu yake kwa wiki 12.

Lakini angalieni hatari iliyomo. Ikiwa yule ng'ombe alikuwa na kilo 200 badala ya 240, nyama itakuwa kilo 100, na bei itapanda mara moja hadi shilingi 8,400 kwa kilo. Faida yote imekwenda katika kosa la jicho. Ndiyo maana twasema jambo la kwanza ni kipimo. Mizani ya kupimia ng'ombe hai ni ghali, lakini uko utepe unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, nao hukisia uzito kwa kadiri ya kutosha. Utepe huu humlinda mnunuzi na humlinda muuzaji vile vile. Mwanachama mwenye haja ya fedha auzie kikundi chake kwa uzito, apate kuliko alivyopewa na dalali, nao walaji walipe pungufu ya dukani. Wako wanaouliza kama muuzaji na mlaji waweza kufaidi wote kwa pamoja. Wanaweza, maana fedha ile inatoka katika ile mikono mitatu ya njiani.

Yafaa pia kuchagua wakati. Ng'ombe wetu huwa na mwili mzuri tangu Aprili hadi Juni, baada ya majani ya masika. Ikifika Septemba na Oktoba mbavu huhesabika. Anayenunua Oktoba hununua mifupa. Na kwa kuwa Juni na Julai baridi ya Ufipa ni kali na hewa ni kavu, huo ndio wakati wa kukausha. Nyama ikatwe vipande virefu vyembamba, isuguliwe chumvi, itundikwe penye upepo mbali na nzi, na usiku iingizwe ndani. Wazee wetu walifanya hivyo bila ya sanduku la barafu, na hivyo kilo 3 hazina haja ya kuliwa kwa siku mbili.

Maksai aliyelima miaka mingi anastahili neno lake. Watu humdharau kwa ugumu wa nyama, kwa hiyo ni rahisi. Sisi twamwona ni mali. Akipumzishwa na kulishwa pumba za mashine zetu na mashudu ya alizeti kwa muda wa miezi mitatu kabla ya kuchinjwa, hunenepa na nyama yake hulainika kidogo. Pumba na mashudu hayo leo huuzwa kwa wageni wanaokuja na malori, jambo ambalo twalitazama kwa masikitiko. Jikoni, nyama ya maksai ikatwe kukingama na nyuzi zake, ipakwe papai bichi lililopondwa kwa nusu saa, kisha ichemshwe polepole. Na kwa kuwa kuni katika uwanda huu wetu ni chache, chungu kikishachemka kwa nusu saa kifunikwe vema na kutiwa ndani ya kapu lililojazwa majani makavu, juu yake blanketi kuukuu. Kitaendelea kuiva chenyewe. Kabla ya kuandaa kirudishwe motoni kichemke tena. Akina mama wanaofanya hivyo hawana haja ya kufundishwa na sisi. Twawaomba wawafundishe wengine.

Kuna bei rahisi ambayo hatutaki mwanachama aiguse, nayo ni bei ya kibudu. Mnyama aliyekufa mwenyewe, hasa aliyekufa ghafula na damu ikamtoka puani au nyuma, huenda ana kimeta. Asichunwe, asipasuliwe, asigawiwe jirani kwa huruma. Aitwe bwana mifugo, na mzoga uzikwe chini sana. Kimeta huua watu, nacho hukaa ardhini miaka mingi. Kadhalika nyama ya porini inayouzwa usiku kwa kunong'ona haikuona mkaguzi, na mnunuzi wake huweza kukutana na sheria ya wanyamapori kabla hajaonja supu. Ng'ombe wa kikundi lazima atazamwe na mkaguzi kabla ya kuchinjwa na baada ya kuchinjwa, apigwe muhuri. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Nyama, haikuandikwa kwa ajili ya watu wa mjini tu. Na ile desturi njema ya nchi yetu, kwamba ng'ombe wa jamii achinjwe na Mwislamu ili pasiwe na jirani atakayeondoka mikono mitupu, tusiiache.

Juu ya nguruwe, kwa wale wanaomla, tuna neno moja. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu hupata mayai ya tegu, na nyama yake huwa na punje nyeupe mfano wa mchele. Anayeila ikiwa mbichi hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu hilo, yakiingia katika chakula kwa mikono michafu, huweza kufika hata ubongoni na kuleta kifafa. Nguruwe afungiwe bandani, kila nyumba iwe na choo, na nyama iive hadi ndani. Nguruwe wa bandani, mwenye kulishwa pumba, hukua upesi na nyama yake ni rahisi kuliko ya ng'ombe.

Tukija kwa kuku, twaona hapa pana utajiri uliolala. Kila nyumba ina kuku, na kila mwaka mdondo huwafagia. Ile sotoka iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, nayo ilishindwa kwa chanjo. Basi mdondo nao una chanjo. Iitwayo I-2 hutengenezwa hapa nchini, hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, mkubwa kwa mdogo, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wa nyumba nyingi, kwa hiyo si kazi ya mtu mmoja. Ni kazi ya kijiji kwa siku moja. Nyumba yenye kuku 20 wasiokufa yaweza kula kuku mmoja kila mwezi na mayai kila wiki, bila kwenda dukani. Kati ya yote tuliyoyasema, hili ndilo lenye gharama ndogo kabisa, na kama Halmashauri ingetuuliza tuanze na lipi, tungesema hili.

Samaki hatutawasahau. Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika kutoka Kasanga na Kirando, na magege wa Ziwa Rukwa, hupanda hadi soko letu. Mnunuzi akumbuke kwamba dagaa waliokauka wameacha maji yao ziwani. Kilo moja yao ni chakula kingi, alimradi hawana mchanga. Lakini mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaane, nasi twaliona kuwa ni jambo la busara. Nyumba inayotegemea ziwa peke yake yapaswa kuwa na banda la kuku pia.

Wako wenzetu katika Halmashauri wanaotaka Chama Kikuu kijenge duka kubwa la nyama mjini, lenye vyumba vya baridi. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao kwa sasa. Nchi hii ilikwisha kuona vyama vikuu vilivyobeba mzigo kuliko mabega yake. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyote, na hadi sheria ya mwaka 1982 wakulima walikaa bila ya chombo chao. Duka la namna hiyo litataka mtaji, umeme usiokatika na meneja asiyelala. Kikundi cha nyumba 40 chataka daftari, utepe na mizani ya mkono. Vikundi vikifaulu katika vyama vya msingi vitano kwa mwaka mmoja, hapo hesabu zitatuambia kama duka lina maana.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba mkutano huu uamue mambo mawili tu. Kwanza, sehemu ndogo ya ziada ya mwaka huu inunue chanjo ya mdondo na tepe za kupimia, kwa kibali cha Mrajis kama sheria itakavyo. Pili, makatibu wa vyama vya msingi waandikishe vikundi kabla ya mwezi wa Aprili, ili wa kwanza wanunue ng'ombe wakiwa wanono.

Utepe mmoja tumekuja nao, uko hapo mezani kando ya daftari la mahudhurio. Maksai wa kujaribia amefungwa nyuma ya ghala. Atakayekisia uzito wake kwa jicho na aandike kwanza kwenye karatasi, kisha ndipo tumpime.