Ripoti Yangu ya Kidato cha Pili

(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwaka)



Niliombwa niseme juu ya kazi ya uhasibu. Mniwie radhi, nitasema juu ya kitu kilichokaribia kuniondoa katika uhasibu.

Kwa miaka tisa nilitafuna miraa. Nilianza ili nikeshe na vitabu vya hesabu mwisho wa mwezi. Baadaye ikawa kila siku. Ndani ya jani hilo bichi mna kathinoni, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitambua mwaka 1975, nayo ni ndugu wa amfetamini. Humwaga dopamini ubongoni, na mtu akaiona kila kazi tamu.

Nilipoacha, usingizi ulinilemea. Hilo nililitazamia. Sikutazamia kwamba ningesoma safu moja ya tarakimu mara nne nisijue jumla yake. Mwenzangu wa ofisini akanihurumia, akanipa vidonge viwili vya Ritalin vya mwanawe. Siku ile nilifanya kazi kama mashine. Jioni miguu ikanipeleka yenyewe hadi kibanda cha miraa. (Naona wenzangu wanacheka. Wanakijua.) Kumbe Ritalin nayo huongeza dopamini ile ile.

Nikaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, nikamweleza yote, na vile vidonge pia. Badala ya kuniandikia dawa akaniuliza, "Shuleni ulikuwaje?" Akasema iko akili iliyochoka kwa sababu ya kuacha, nayo hurudi polepole, wiki hata miezi, na uko upungufu wa umakini ambao mtu hukua nao, na dalili zake hapana budi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Kwa nje hufanana kama mapacha. Alitaka shahidi.

Mama akamsimulia utoto wangu, kisha akatoa sandukuni ripoti za shule hii. Kidato cha Pili, mwalimu wa darasa aliandika: "Ana akili, ila hatulii, husahau hata daftari lake." Mwalimu huyo yumo humu ukumbini. Zile fimbo, mwalimu, tulikwisha sameheana.

Daktari alingoja wiki sita nikiwa bila miraa, ndipo akanipa atomoksetini, ambayo si dawa ya kuchangamsha na haileti ulevi. Ulipita karibu mwezi kabla sijaona tofauti. Mdomo ulikauka, chakula kikanichukiza. Chupa aliishika mke wangu.

Nilimwuliza kwa nini si Ritalin. Akaniambia kwamba huko Uswidi, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2014, wafungwa 54 wenye upungufu huu na uraibu wa amfetamini walipewa ama dawa hiyo ama vidonge bandia, huku wakipimwa mkojo. Waliopewa dawa walirudia amfetamini kwa uchache zaidi. Lakini walikuwa chini ya macho ya waganga, si kwa vidonge vya mtoto wa jirani. Na hata Marekani, hadi leo haijaidhinishwa dawa yoyote mahsusi kwa uraibu wa namna hii.

Sasa safu za tarakimu najumlisha mara moja, nyakati nyingine mbili.

Vijana, baada ya chakula nitakaa chini ya mwembe ule wa nyuma ya bweni. Ripoti nimekuja nayo.